Tunasoma Mafuta Yakiwa Baridi

Nyuma ya Soko,
Klaten, Jawa ya Kati.
27 Aprili 2024

Mpendwa dada yangu, Mbak Wening,

Assalamu alaikum kutoka kwa msomaji mkuu wa Jawa nzima. Usicheke. Wakusanye maprofesa wote wa vyuo vya Yogya, uwape kisu, kabichi na karai la mafuta ya moto, hakuna atakayemaliza hata ukurasa mmoja. Mimi muuza vya kukaanga namaliza, na tempe zangu za soya haziungui. Shule niliiacha darasa la nane, unakumbuka, walimu walipoishiwa cha kunifundisha.

U hali gani huko Kalimantan? Ile homa imekwisha? Bado unapanda kilima kutafuta mtandao, au wameshakuletea mnara? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua ila mdomo hauna tatizo. Mke wangu Yuniar yuko kiwandani kwao anashona, wiki hii zamu ya mchana. Idi ilipita salama. Sehemu yako ya kuku wa nazi niliila mimi ili isiharibike.

Umeniuliza mtu mwenye kazi na mtoto anapataje muda wa kusoma kila siku, upate kuwaambia wazazi wa wanafunzi wako. Umefika kwa mwenyewe. Mwaka jana Kinanti wangu alikuwa anashinda kwa jirani akitazama simu, kwangu anakuja akitaka ndizi tu. Nikaona mtoto huyu atakua akinijua kwa harufu ya mafuta basi.

Muda sikuutafuta, ulikuwepo pale pale jikoni. Asubuhi niko sokoni, nikirudi namenya ndizi, namfuata mtoto shuleni, nakoroga unga. Lakini mafuta yakishawekwa motoni, hata uyatukane hayaharakishi. Basi hapo ndipo tunaposoma. Yakiwa baridi tunasoma, yakianza kulia tunaacha, hata katikati ya sentensi. Mtoto ukimwachia katikati, kesho anakuja mwenyewe bila kuitwa. Waambie wazazi hilo, na useme limetoka kwa mtaalamu.

Vitabu je? Mbak, maktaba yangu inapimwa kwa kilo. Karatasi za kufungia nanunua kwa Pak Jiyo, yule wa makaratasi chakavu: mitihani ya zamani, barua za ofisi, vitabu vilivyochanika. Tulianza na mtihani wa jiografia. Kinanti alifeli, mimi nikafeli zaidi. Halafu zikaja karatasi za hadithi moja, ya kijana yatima ambaye nyati wake wa kulimia ameuzwa na mjomba kwa mchinjaji, naye anamfuata kwa miguu mji hadi mji. Hapo nikamkamata mtoto. Kurasa nyingine hazikuwepo, lakini ndugu yako hashindwi. Penye pengo nilijaza mwenyewe. Ukurasa uliopo unampeleka nyati machinjioni, mimi kwenye ule usiokuwepo nampandisha treni.

“Baba, tiketi alikata wapi?”

“Dirishani, kama wewe. Ila mwenye pembe hapangi foleni.”

“Hiyo umetunga.”

“Naapa imeandikwa. Na kama nimetunga, mbona unacheka?”

Kufika Ramadhani alikuwa anafuata mistari kwa kidole na kunisahihisha. Yuniar naye anapita na sabuni yake, “Mas Tegar, wateja wako nje, wewe unamlilia nyati.” Karatasi za hadithi hiyo tuliziweka chini ya kopo la biskuti, na tukapatana kwamba hakuna wa kusoma bila mwenzake.

Nikavunja mimi. Asubuhi moja, mtoto yuko shule, nikaivuta ile karatasi ya mwisho nikaisoma nimesimama, peke yangu. Mimi huyu, uliyekuwa ukinikimbiza na fagio nisome. Nyati alikata kamba akavuka mto. Kijana akarudi kwao ameshakata tamaa, akamkuta amelala zizini. Nikairudisha chini ya kopo, nikamenya ndizi kana kwamba sikuigusa.

Jioni hiyo, kabla ya futari, watu walijaa.

“Mas, tempe kumi, na pilipili usinibanie.”

“Mas Tegar, usinipe za juzi.”

“Za juzi ulizimaliza juzi, Bu,” nikamjibu mama huyo.

Karatasi zikaisha, mkono ukaenda wenyewe chini ya kopo. Ile ya mwisho ilifungia tofu, vile vipande laini vya soya, za bwana mmoja wa gereji. Nilipogundua nilimwachia Mama karai nikatoka mbio mpaka kwao. Mkewe alikuwa ameshaitupa kwenye moto wa takataka. “Muuza tofu gani anakuja kudai karatasi?” akaniambia. “Kesho utazidai na tofu zenyewe.”

Basi ndiyo habari yetu. Nisalimie shemeji Hanung, mwambie bado namdai mchezo wa karata. Wabusu mapacha. Mama anakuombea kila sala, na mimi pia naomba Mungu akulinde, akuongezee wanafunzi wasiofanana na mimi.

Nilitaka nifungie hapo ubaki ukinisifu. Ila utakwenda kuwaambia wazazi wa watu mambo yangu, bora ujue na hili. Kinanti nilimweleza ule mwisho neno kwa neno: kamba, mto, nyati amelala zizini.

“Baba, nyati alichinjwa. Wewe hutaki kuniambia.”

Nikaapa. Akasema hata treni niliiapia.

Siku hizi mafuta yakiwa baridi yeye yuko kwa jirani. Mimi nasoma peke yangu, sijaacha hata siku moja. Mwisho ule ni wa kweli, Mbak, niliusoma kwa macho yangu, na mwanangu anaamini nyati amekufa na baba yake mwongo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Tegar