Marudio ni Jumamosi

Jumamosi, 7 Juni 2025

Leo Ujiji nzima imenisikia. Hadi Mwandiga — shemeji Elikana kapiga simu kutoka huko, eti alisimamisha pikipiki barabarani anisikilize.

Kipindi cha Elida, saa kumi jioni. Binti yangu mwenyewe, miaka ishirini na nne, ndiye anayezipanga zile nyimbo za zamani za Wamarekani weusi na za bendi za kale, kila wiki na jina lake. Wiki iliyopita, Nyimbo za Kungojea Meli. Kabla ya hapo, Nyimbo za Aliyeondoka Bila Kuaga — watu walilia mpaka sokoni. Leo ilikuwa Nyimbo za Sebuleni kwa Mama. Na mama ni mimi!

Alikuja kunirekodi kwa simu juzi. Nilivaa kitenge kipya, ingawa redio haionyeshi. Akauliza, mama, haya masikio nimeyatoa wapi? Nikasema kwangu. Nikasema nilikuwa na santuri humu ndani, ndizo nilizomlaza nazo. Nikasema mimi ndiye niliyemfundisha kwamba nyimbo mbili za kulia hazifuatani, katikati unaweka moja ya kucheza, watu wafute macho.

Honorata wa meza ya jirani sokoni kasema nimeongea kama mwalimu. Mimi niliyeishia darasa la saba.

Elida siku ile aliangalia simu yake tu.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani watu wananipa mkono. Kila mkono unanichoma.

Acha niandike, daftari hili halisomwi na mtu. Maneno yale ya nyimbo mbili za kulia si yangu. Ni ya Mzee Lukas. Na humu ndani haijawahi kuwamo santuri yangu hata moja. Zilikuwa zake.

Mwaka 2010 Mzee Lukas, jirani yetu, alivuka ziwa kwenda Kalemie kumzika mama yake. Akaniachia sanduku. Akasema, "Mama Elida, nitunzie. Humu ndimo ujana wangu." Akakaa huko miezi minne. Mimi nikafungua nikaona sahani nyeusi, duara safi, zinakaa sawasawa juu ya ndoo. Nikafunikia maji ya kunywa. Moja nikafunikia chungu cha maharage kikiwa motoni — ikajikunja kama chapati. Kwa jumla ziliharibika tatu.

Aliporudi nikamwambia ni mtoto ndiye aliyeziharibu. Elida ana miaka tisa! Nikamshika mkono, nikampeleka akaombe radhi. Akapiga magoti, akaomba.

Mzee hakumgombeza. Akamkalisha kwenye mkeka, akaweka moja iliyopona. "Mutoto, sikiliza kwanza. Halafu utajua uliharibu nini." Tangu siku ile, akitoka shule, alikuwa kule. Mimi nilikuwa namwita kwa fimbo aje aoshe vyombo.

Jumanne, 10 Juni

Sokoni. Yasmini muuza mawese kaniuliza mbele ya wateja, hizo santuri ziko wapi, tuje tuzione? Kabla sijajibu, Honorata kadakia — si zile alizokuwa anafunikia ndoo? Mimi nilidhani ni vifuniko vya kisasa kutoka Kongo.

Wakacheka. Nikacheka kuwashinda. Nikasema nimezihifadhi juu ya kabati. Nimeongeza uongo juu ya uongo, na dagaa wangu nikawapimia watu vibaya.

Ila Yasmini kasema Mzee Lukas hakusikia kipindi. Redio yake imekufa tangu Pasaka. Nikasema moyoni, asante Mungu. Halafu nikaona aibu kumshukuru Mungu kwa redio ya mtu kufa.

Alhamisi, 12 Juni

Amekuja! Kofia mkononi.

Shikamoo, mzee. Marahaba, mama Elida. Akasema watu wote wanamwambia nilisema vizuri redioni, lakini akiwauliza nilisema nini, wanaangalia chini. "Sasa nimeambiwa marudio ni Jumamosi, saa nane. Nitakuja kusikiliza hapa kwako. Usihangaike, kiti nitabeba yangu."

Akafika mlangoni akageuka. "Nataka nisikie kama mutoto alitaja jina yangu."

Alipoondoka tu nikampigia Elida. Nikamwambia, mwanangu, kile kipande changu kikate. Akasema, mama, mimi napanga nyimbo, marudio wanapanga wengine. Nikamwambia basi njoo wewe uongee naye, wewe anakupenda.

Akasema, "Mama, mimi kwake nilishaomba radhi mara moja kwa ajili yako. Ya pili siwezi."

Miaka kumi na tano hajawahi kuigusa habari hiyo. Nilidhani alisahau.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza na samaki, migebuka miwili. Nikampa, nikamsifu kuku wake, nikarudi. Mara ya pili nimeishia kwenye uzio.

Nimeomba umeme ukatike kesho. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 14 Juni

Saa saba na nusu kafika. Shati jeupe limepigwa pasi. Kiti kichwani, na kwapani kitu amekifunga kwenye gazeti. Akakifungua. Ile ya chungu cha maharage. Ameitunza miaka yote hii, imejikunja vilevile.

"Ya Elida hii. Huyu ndiye mwalimu wake wa kwanza. Bila hii asingekuja kwangu."

Sikuweza kuishika. Nikasema mikono yangu ina dagaa.

Kipindi kikaanza. Wimbo wa kwanza akaitikia kwa kichwa. Vizuri, akasema, ya kwanza haipaswi kuwa tamu kuliko zote. Wa pili ulikuwa wa kulia, akafumba macho. Wa tatu wa kucheza, mguu wake ukaanza kupiga sakafu, akafungua macho na kunichekea. "Umeona? Niliyomwambia. Hajasahau."

Kisha sauti ya Elida: sasa tumsikilize mama yangu —

Umeme ukakatika.

Niliomba mwenyewe, na nimepewa. Nikashusha pumzi, labda hata yeye aliisikia.

Mzee akacheka. Haidhuru, akasema. "Redio ya nini, mwenyewe si uko hapa? Niambie tu ulisema nini."

Nikasema ngoja nikatafute kibiriti niwashe taa.

Nimo chumbani na daftari. Saa nane na nusu mchana, jua limejaa dirishani. Kibiriti cha nini?

Namsikia anaburuta kiti changu. Anakiweka mbele ya chake.