Mama Mkwe Anawalisha Samaki Nitakaowauza

Mpendwa Shangazi Mackrine, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana shimo nimelichimba mwenyewe, na sasa lina maji na samaki.

Mimi ni mke wa Projest, tunaishi Bweranyange, tuna migomba na kahawa kidogo. Mwaka jana bwana samaki, afisa uvuvi wetu, alituita wanawake kumi na wawili wa kikundi chetu akatuambia samaki wa ziwani wamepungua huku wanunuzi wa Murongo wanawatafuta kila siku, tuchimbe bwawa, likifaulu la kwanza tutachimba mengine, na bonde pekee lisilokauka lilikuwa letu, chini ya migomba ya mama mkwe, nami nikakubali mbele ya wote kabla sijakumbuka kwamba ukoo wa mume wangu muziro wao ni samaki, ni mwiko kwao kumla, hata sufuria iliyopikiwa dagaa haiingii jikoni kwa mama. Basi nikamwambia mama bwawa ni la kumwagilia miche ya kahawa. Akasema sawa mwanangu, na siku ya kuchimba akatuletea viazi na uji.

Sato tuliopandikiza wakakua, wakaanza kurukaruka, mama akawaona. Nikangoja anifukuze, Shangazi, lakini alinishika mkono akasema, "Miaka kumi na mmoja uko hapa, hakuna aliyeuheshimu muziro wetu kama wewe, umewaleta mpaka nyumbani," na nikashindwa kusema kweli, na Jumapili akawaambia hivyo hivyo shemeji zangu waliokuwa wameanza kuniteta, nao wakanyamaza. Tangu hapo kila asubuhi anashuka na fimbo yake, anawamwagia pumba, anawaambia, "Kuleni, wanangu, mnenepe." Juzi kaniuliza, "Siku hiyo wenzako watakuja wangapi? Nijue ndizi za kumenya," nami nikajifanya sijasikia.

Jumamosi ya wiki ijayo tunavua. Wanunuzi wameshaandaa barafu, na wenzangu wamebeba pumba vichwani mwaka mzima. Projest anasema tumpeleke mama kwa wifi, kule Rubwera, akirudi tumwambie samaki waliliwa na korongo. Lakini nampenda huyu mama. Wangu alifariki nikiwa mdogo, na huyu ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto mara zote tatu nilipojifungua. Nimpeleke Rubwera, au niwaambie wenzangu tuache?

Placida

Placida, marahaba. Wewe sijakucheka, ila Projest amenichekesha. Korongo wamalize bwawa zima kwa wiki moja! Mwambie njia ya mwongo ni fupi, na yenu imeshafika mwisho.

Kuvua mtavua. Jasho la wanawake kumi na wawili si lako peke yako ulitoe zawadi. Na muziro, kwa maneno yako mwenyewe, unamkataza mama kula. Mteja wa Murongo haumhusu.

Sasa soma tena barua yako. Mama amekuuliza siku hiyo watakuja wangapi. Siku ipi, binti? Wewe hujamwambia siku yoyote. Mwanamke aliyezeekea kwenye kahawa amepita bondeni mwaka mzima, hajaona mche hata mmoja, na bado amenyamaza. Nadhani anajua yote. Shemeji zako walipoanza kukuteta, akawahi kusema umeuheshimu muziro, ili asipatikane wa kukunyooshea kidole. Mama wa watu alikusitiri, na wewe unawaza kumpandisha gari la Rubwera. Aibu, Placida!

Huenda nimekosea, na kweli anawaona ni wanawe. Basi atalia, na utalia naye, lakini ayasikie kinywani mwako. Kesho asubuhi shuka naye bondeni, piga magoti kama unavyomsalimia, useme, "Mama, nilikudanganya. Hawa ni wa kuuza." Usimsingizie bwana samaki wala kikundi. Akikukaripia, pokea. Kisha muulize angependa wangapi wabaki, ukakubaliane na wenzako, maana hata ninyi mtahitaji wazazi wa kuzaa wengine. Na siku ya kuvua, sufuria za samaki zikae mbali na jiko lake.

Halafu lile swali lake ulijibu, amengoja vya kutosha. Mwambie wanakuja kumi na mmoja, na wa kumi na mbili ni wewe, utakayekaa naye kumenya ndizi.