Mbuzi wa Tangi

Baba Muli,

Uji uko kwa sufuria, wachia watoto kidogo. Wasiende mtoni leo, maji nimeshaleta. Nimekimbia Kitui kumwona fundi wa tangi kabla hajashika kazi ingine.

Hiyo mbuzi imefungwa nyuma ya jikoni ni ya mama yako. ~~Mrudishie jioni.~~ Hapana, iache hapo, nimebadilisha nia. Ngoja nikueleze.

Unajua vile amenicheka hii miaka minne. Kila nikiuza vyondo, vile vikapu vyangu, na kupeleka pesa ya tangi posta, ananiambia, "Tangi yako ni ya karatasi, haishiki maji." Mwaka jana nililia, nikataka kutoa yote ninunue viti kama vya jirani. Ni wewe ulinizuia, sijasahau.

Leo asubuhi mapema alikuja akivuta mbuzi. Nikamwambia, "Mama, tumebakisha kidogo tu, tutamaliza wenyewe." Akakasirika kabisa. "Nilikucheka nikidhani utachoka," akasema. "Hujachoka. Sasa unataka nichote maji kwa tangi ambayo sikusaidia?"

Nikapokea kamba.

Kwa hivyo uza mbuzi huko mjini Kwa Vonza siku ya soko, na usikubali bei ya aibu. Usimwambie mama yako kwamba leo nililia tena. Mwambie tu kwamba fundi ataandika KALUKI kwa simiti ya tangi ikiwa bado mbichi. Mama hajui kusoma, lakini jina lake analijua.

Mama Muli