Mkate wa Ndizi wa Baba Anande

Jumatatu, 1 Machi 1954
Baba Anande karudi juzi toka hospitali ya mjini. Kakonda, suruali anaifunga kwa kamba. Ugonjwa wa sukari. Dakitari kamwambia asiguse sukari kabisa, arudi baada ya majuma mawili. Basi kopo la sukari nimelifungia sandukuni, ufunguo ninao shingoni. Leo kaonja chai, kasukuma kikombe. Eti afadhali maji ya mfereji. Mtu wa vijiko vinne! Nimefagia uwanja mara tatu, moyo hautulii.

Jumatano, 3 Machi
Nimepata akili. Mkate wa ndizi, ule niliojifunza nilipokuwa jikoni kwa bibi wa misioni. Kule tulitia kikombe kizima cha sukari. Mimi sikutia hata chembe. Badala ya ndizi tatu nikaponda saba — za darini, zilizoiva kwa moshi mpaka ganda jeusi. Unga wa ngano, mayai, samli, magadi kidogo. Makaa chini ya sufuria, makaa juu ya kifuniko.

Mama mkwe kasimama mlangoni. Ndizi ni ya kupikia supu ya mtori, kasema, siyo ya kuchezea unga. Kaenda zake akinung'unika Kimeru.

Mkate umeungua chini. Lakini Baba Anande kala vipande vinne, kacheka! Tangu atoke hospitali alikuwa hajacheka. Nimelia, nikasingizia moshi.

Jumamosi, 6 Machi
Mkate wa tatu. Sasa hauungui. Anakula asubuhi na jioni, ananiita fundi. Mama mkwe naye kaomba kipande, "cha kuonja tu". Kaonja mara mbili. Nimejisikia vizuri, nakiri.

Jumanne, 9 Machi
Sielewi. Mtungi wa maji unaisha kabla ya adhuhuri, ni yeye peke yake. Kila saa yuko nyuma ya migomba. Anasema macho yana ukungu. Sukari haigusi, naapa, kopo nalikagua kila siku! Nimeongeza ndizi kwenye mkate ziwe tisa, apate nguvu.

Alhamisi, 11 Machi
Mama mkwe kanivuta mkono nyuma ya nyumba. Pale anapojisaidia mwanawe pamejaa sisimizi, kama pamemwagwa sukari. Kaniuliza kama namdanganya dakitari, nampa sukari kwa siri. Mimi! Nimemrushia ufunguo, aende ahesabu mwenyewe. Halafu nikaona aibu, nikamwomba radhi. Baba Anande hawezi kutembea mpaka barabarani. Kesho nakwenda hospitali peke yangu kuuliza.

Ijumaa, 12 Machi
Naandika haraka.

Nimemkuta dresa, msaidizi wa dakitari, jina lake Lerionka, Mwarusha, mpole. Kaniuliza mgonjwa anakula nini. Nikamweleza mkate wangu, kwa majivuno hasa, nikataja hata ndizi tisa. Kaweka kalamu chini. Mama, kasema, ndizi mbivu ni sukari yenyewe.

Nimebisha. Nimembishia mtu wa watu mbele ya wagonjwa. Kwetu ndizi ni chakula, tumeachishwa ziwa kwa ndizi, sukari ni ile ya dukani! Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha: aletwe kesho asubuhi bila kukosa, na leo asile tena mkate ule. Aminiel mwenye lori la kahawa amekubali kutuchukua alfajiri.

Njia nzima toka Usa, niliposhuka basi, nilikuwa nakimbia. Nafika, harufu imejaa uwanja mzima. Mama mkwe kapika! Yeye mwenyewe, anitulize baada ya yale ya jana. Mkate kaupatia rangi kunishinda. Keshampa Baba Anande kipande mkononi.

Nimekipokonya. Nimebeba na sufuria, nimeingia chumbani, nimekomea mlango. Ningeanzia wapi kuwaeleza?

Mama mkwe analia huko nje, anawaambia majirani namnyima mwanawe chakula cha mama yake. Mkate uko hapa kitandani, bado wa moto.

Sasa ni Baba Anande mlangoni. Hagongi, anakwaruza tu. Anauliza mama yake amenikosea nini. Anasema amepika vizuri, karibu kama wangu. Anaomba kipande kimoja, kidogo, halafu tuzungumze.

Mama Anande, anasema. Nifungulie, nimechoka kusimama.