Kijiti cha Oili Tulichokuzika Nacho

Durban, Jumapili, mwezi wa pili. Ni mwezi wa tatu tangu utuache, na mwaka wa sita tangu mimi nitoke Bukavu.

Patron,

Sijui kuandika barua nzuri. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema shule niliiona kwa dirisha. Basi nitasema bila kupamba: hakuna anayelia tena. Mama Neema, mke wako, ameanza kunenepa. Gereji iko kimya, hakuna wa kuniita kichwa ya ng'ombe mbele ya wateja. Wiki ya kwanza nilizitafuta kelele zako. Sasa sizitafuti.

Nataka kukueleza juu ya gari lako jeusi la Kijerumani, lile kuukuu la kukodisha kwa harusi, ulilolipenda kuliko watu. Ulipokufa giaboksi yake ilikuwa mezani, nusu wazi, na sahani za klachi zimelowekwa oili kwenye beseni la kufulia la Mama Neema. Presha ikakuangusha pale pale, spana mkononi. Mama Neema akasema daktari wa giaboksi wa Wakongomani wote wa Durban hawezi kusindikizwa na gari la kuazima. Yeye atakaa ndani ya gari lako, mbele ya msafara, na jeneza lifuate nyuma. Nikaifunga giaboksi. Sahani nilizipanga vizuri. Hilo ulinifundisha, kwa makofi, lakini ulinifundisha.

Ikabaki oili. Unajua gari lile, bomba lake la oili ya giaboksi lina kifuniko tu, fundi anakuja na kijiti chake mwenyewe cha kupimia. Chako Mama Neema alikuwa amekulaza nacho kwenye jeneza, mikononi, mahali pa msalaba. Alisema ndiyo ilikuwa kalamu yako. Wachungaji wawili walimbishia, mwisho wakachoka. Nani angeingiza mkono mle akichukue? Siyo mimi. Nikatumia waya wa kuchomelea. Nikapima gari likiwa baridi, injini imezimwa. Waya ukaonyesha imejaa.

Kwenye kilima cha makaburi injini ikaanza kulia peke yake. Gari halivuti. Likasimama, kisha, Patron, likaanza kurudi nyuma polepole kuelekea jeneza lako. Watu walishuka na suti zao wakasukuma. Mwenye taksi mmoja akasema, "Eish, hata amekufa bado anatusukumisha!" Mama mmoja wa saluni akajibu, "Daktari amezikwa na dawa yake." Walicheka. Kwenye mazishi yako walicheka, na mimi nilikuwa kwenye usukani.

Jioni Mama Neema alinisimamisha mbele ya wote. "Kifo hakikumwaibisha, wewe ndiye umemwaibisha. Gari lina harusi mwisho wa mwezi. Lisipofika, nauza kila spana, na wewe rudi bandarini ukabebe." Unajua nilivyotoka bandarini, sikuweza kuinama kufunga viatu. Mgongo huu hauna mzigo mwingine ndani yake. Nikaongeza oili, nikapunguza, nikaongeza. Gari lilifika kwenye robot ya kwanza, zile taa za barabarani, likafa.

Ndipo akaja Mzee Yusufu. Mzanzibari wa hapa hapa Durban, mzaliwa wa mtaa wa Chatsworth, mwenye kofia. Nilikuwa nimempita getini mara mbili tatu zamani, nikidhani ni mteja. Hakunipa hata pole.

"Kijiti changu kiko wapi?"

Nikamwambia kijiti kilikuwa cha Patron. Nikamwambia kiko wapi. Aliita jina la Mungu, kisha akanitukana kwa Kizulu.

"Mmemzika na kijiti changu! Wewe Mkongo, bosi wako alijua kufungua tu. Kufungua hata mwizi anajua. Nani alikuwa anamjazia oili na kumrekebishia kila gari? Ni mimi, naingia mlango wa nyuma kama hawara! Ananiomba kwa magoti: 'Mzee, usiniaibishe mbele ya kijana wangu.'"

Nilikaa chini, Patron. Kila kazi ilipofika kwenye oili ulinituma mkate, mbali, kule katikati ya mji. Nikirudi nakuta gari linanguruma laini na wewe unafuta mikono. Miaka yote nilidhani unanificha ujuzi. Kumbe ulikuwa unanificha ujinga. Na mkate ulinikatia kipande kikubwa daima. Nilidhani ni upendo. Labda ilikuwa aibu. Sijui. Labda vyote.

Mzee alikata kebo ya breki ya baiskeli, akaitia alama kwa msumeno, iwe kijiti kipya. Akaniambia nikae nitazame, nisiende popote. Tuliwasha injini pale pale mpaka giaboksi ikapata moto, tukapitisha gia zote, tukarudisha kwenye P, ile ya kuegesha, injini inawaka. Ndipo akapima. Kebo ilitoka karibu kavu. "Injini ikizimwa oili yote inashuka, inakudanganya imejaa. Ikiwaka, pampu inaivuta, chini hakubaki kitu." Tukaongeza mpaka kwenye alama. Kitu kidogo hivyo. Ungekiuliza mara moja tu, ukavumilia kuonekana hujui.

Harusi ilifika. Gari lilipanda kilima na bibi harusi na mashangazi zake wote bila kuteleza. Mama Neema amenikabidhi funguo za gereji. Nilipozipokea nilimwambia yote. Ningeweza kunyamaza, sikutaka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniambia nitoke jikoni, na nikiwa nje nikasikia siyo kicheko tena. Wateja nao nimewaambia. Kwenye kibao nimefuta neno Daktari. Jina lako nimeliacha.

Mzee Yusufu anakuja siku hizi kwa mlango wa mbele. Anakula, ananitukana, ananifundisha.

Lala, Patron. Nakuahidi gereji haitafungwa, na mke wako hataomba mtu chakula. Zaidi ya hapo usiniombe kitu. Jumatatu ya Pasaka hatufanyi kazi, nitakuja huko juu kwenye kaburi lako asubuhi, peke yangu. Kama nitakuwa bado sijakusamehe, nitakuja hivyo hivyo.

Bahati