Wimbo wa Yonekawa Umekwenda Tokyo

Kanazawa,
9 Desemba.
Asubuhi: mvua ya barafu, na zile ngurumo za kuamsha samaki baharini.

Mpendwa Dada Kayo,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe, shemeji na watoto. Huko São Paulo nadhani sasa mnatokwa jasho. Je, goti lako limepoa? Sisi ni wazima wa mwili. Kikohozi changu kimekwisha, na Baba anatembea vizuri, ila chakula hali. Ndiyo sababu sikungoja salamu za mwaka mpya.

Yonekawa ametuacha, amehamia timu ya Tokyo. Najua umeshasikia, lakini magazeti hayakueleza jambo lilivyoanzia hapa kwetu.

Tangu Julai, ilipojulikana kwamba mkataba wake unaisha na msimu, hakuna aliyekula oden yangu, ule mchemsho wa figili na mayai, kibandani kwa amani. Timu yetu ya besiboli ya Korongo ilikuwa ya mwisho, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiupiga mpira ukafika mbali. Bwana Ikeya muuza samaki, unalikumbuka domo lake, kila jioni alisema Tokyo wameshamchukua.

"Huyo huko anatafuta nyumba tu," alisema.

"Na wewe wakikupa hela zile, utabaki hapa kunuka samaki?" Bi Sonobe wa jirani akamwuliza.

"Mimi ningebaki."

"Ungebaki kwa kuwa hakuna anayekutaka."

Kibanda kizima kilicheka. Baba alikuwa anamenya yai lake, hakuinua kichwa.

Mwishowe maneno hayo yakaingia kwenye chama cha tarumbeta cha sisi mashabiki. Utaratibu wetu unaujua: kila mchezaji ana wimbo wake, akiingia kupiga jukwaa zima humwimbia, na akihama wimbo wake hunyamazishwa. Lakini hunyamazishwa akishaondoka. Safari hii akina Ikeya walitaka unyamazishwe kabla, msimu ukiendelea, ili aone aibu abaki. Kura zikalingana. Ikabaki ya Baba, kiongozi.

Dada, maneno ya wimbo ule aliyaandika Mama. Tangu tumzike, Baba alikuwa akiamka msimu unapoanza na kulala unapoisha, kwa sababu jukwaani watu elfu kadhaa walikuwa wakiyasema maneno ya mkewe. Nilikuwa na hakika atakataa. Akasema kiongozi hawezi kumpendelea mchezaji kwa ajili ya mke wake, akainua mkono upande wa Ikeya.

Nilikuwepo uwanjani mwezi Septemba. Yonekawa alitoka, akasimama na gongo begani kama kawaida yake, akingoja sauti ya kwanza ya tarumbeta. Kimya. Akatazama juu kwetu. Akavua kofia, akainama muda mrefu, kisha akaenda kupiga. Mpira ulimpita mara tatu, akatolewa. Watu wetu walipiga makofi, wakiamini kwamba ameomba radhi na sasa atabaki.

Mwezi uliopita akazungumza kwenye televisheni. Alisema mpaka Septemba alikuwa bado hajaamua, na mkewe hakutaka kuhama. "Siku ambayo wimbo wangu haukupigwa," alisema, "nilielewa kwamba nyumbani nimeshaagwa." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira tungepata la kumjibu.

Baba aliizima televisheni, akaifunika tarumbeta kwa kitambaa, na hajaigusa tangu hapo. Ikeya alikuja kibandani mara moja tu, akala amesimama.

"Shizue, mzee anasemaje?"

"Hasemi."

"Bora angenitukana," akasema, akaacha figili yake nusu.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Jumapili walikuja wanaume wawili wa chama cha mashabiki wa Tokyo, na boksi la keki za maharage. Walikuja kwa adabu, kama ipasavyo, kuuomba wimbo ili Yonekawa aimbiwe huko. Wangebadilisha neno moja tu, katika ule mstari wa mwisho: Simama, Yonekawa, usiogope, Kanazawa yote iko nyuma yako.

"Chukueni," Baba akasema, hata chai hawajainywa.

Nikadakia, "Baba, maneno ni ya Mama."

"Mama yako aliyaandika ili kijana asiogope. Mimi ndiye niliyemwacha asimame kimya. Nimnyime tena?"

Wageni wakainama mpaka mikekani. Niliwafuata hadi mlangoni kuwasihi waache jina la mji wetu. Yule mkubwa akanijibu kwa upole, "Dada, watu wa Tokyo wataimbaje Kanazawa?"

Kwa hiyo msimu ujao maneno ya Mama yataimbwa na jukwaa la wapinzani, na sisi tutakuwa upande wa pili, midomo imefungwa. Nimejaribu kumlaumu mtu nimeshindwa. Ikeya alimpenda Yonekawa kuliko sisi sote. Baba amesema Machi, msimu ukianza, hatakwenda uwanjani, na mimi sioni cha kumwamshia asubuhi.

Tafadhali mpigie simu. Usimwambie ajipe moyo, ameshaambiwa na mtaa mzima. Mwulize tu Mama alikuwa amekaa wapi alipoandika wimbo ule. Wewe ulikuwa umeshaondoka, atalazimika kukusimulia.

Msalimie shemeji, na Naomi na mdogo wake Kenji, na Shangazi Fusae ukimwona. Kaburi la Mama nimelisafisha kabla ya theluji. Mbarikiwe, na mwaka uwakute pamoja mezani.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Shizue

Asubuhi ya tarehe 10. Barua hii sikuifunga jana. Nilipozima taa nilimsikia Baba ng'ambo ya mlango wa karatasi akiimba mstari wa mwisho polepole, akitia Tokyo mahali pa Kanazawa. Alikosea, akarudi mwanzo, tena na tena, mpaka akaweza. Nililala saa tisa kasoro robo.