Senti Hamsini za Miale Minane

Jumatatu, 3 Machi

Nimeipata. Naandika polepole ili mwandiko usinisaliti.

Senti hamsini, toleo la kwanza la kule kwetu. Fahali mbele, jua linachomoza nyuma ya pembe zake. Ilikuwa kwa Mama Makopo, ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na sarafu kama mia tatu za nchi ambazo nyingine hazipo tena. Zote bei moja, uchague mwenyewe. Kwake yeye nchi ni nchi.

Kila senti hamsini ya mwaka ule ina miale tisa. Hii ina minane. Nilihesabu pale pale dukani, kisha nikahesabu kinyumenyume.

"Mzee, mbona umeganda?" Mama Makopo akauliza. "Umeona pesa au umeona jini?"

Nikamwambia ni macho tu, umri huu. Akanihurumia, akanipunguzia bei.

Jumanne, 4 Machi

Kwanza nijibishane na nafsi yangu, kabla mtu mwingine hajanianza.

Muhuri ni kile chuma kinachopiga picha kwenye sarafu. Mfereji mmoja ukijaa grisi, mwale mmoja haupigwi. Mtu mwenye haraka atahesabu minane na kurukaruka. Lakini grisi huacha pengo, kama jino lililong'oka: jirani zake hubaki pale pale walipokuwa.

Hapa hakuna pengo. Nimepima kwa bikari ya zamani ya shule, ile aliyoiacha binti yangu. Miale minane imegawana nafasi sawasawa, hakuna aliyepunjwa. Mchongaji alichonga minane kwa kukusudia. Kulikuwa na muhuri wa pili. Ni aina halisi, na ni adimu.

Katalogi ya chama chetu cha wakusanyaji sarafu, ukurasa wa arobaini na moja, inasema: "Miale minane: grisi kwenye muhuri. Si aina. Isilipiwe zaidi." Ndiyo maana zimezagaa makoponi kwa bei ya vifungo vya shati. Aliyeandika hukumu hiyo namfahamu vizuri. Kila asubuhi namnyoa ndevu kiooni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi kwa Mama Makopo. Saa tatu za kuinama. Nimepata mbili nyingine! Moja imechoka, moja safi kabisa, ngozi yake ya asili haijaguswa. Mgongo unaniuma kwa raha.

Nakiri nilitembea kurudi nyumbani kama mwenye mji. Mtu mmoja tu katika mji huu anajua cha kutafuta, naye ni mimi.

Binti yangu alipiga simu. Baba, umekula? Nimekula. Baba, hizo sarafu kule zilikotoka hazinunui hata kiberiti. Najua, mama. Tulipoondoka nilikuwa na sanduku moja, vitabu viwili, na chenji iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti. Chenji ile ndiyo mwanzo wa yote haya. Tangu hapo nchi imebadilisha noti, majina ya barabara, hata wimbo wa taifa. Miale iliyokwisha kupigwa haijabadilika. Mtu anaweza kuiegemea.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda nikipekua kabati. Nilikuwa natafuta karatasi moja, na nilikuwa natumaini nisiione. Nimeiona.

Ni ya Fundi Saa. Tulifika hapa mwaka mmoja, tukalala chumba kimoja, jiko moja, sufuria moja. Miaka thelathini na moja iliyopita alinipa karatasi hii: aliiweka juu ya sarafu akasugua penseli mpaka picha ikatokea, kama tulivyokuwa tukifanya sote. Akasema, ndugu yangu, huu ni muhuri wa pili.

Nilitazama penseli, nikaona pengo kati ya miale miwili. Nikasema grisi. Leo nimeitazama kwa lenzi. Karatasi iliteleza alipokuwa akisugua. Pembe ya fahali imechorwa mara mbili! Pengo ni la karatasi. Sikuomba kuiona sarafu yenyewe.

Nilikuwa katibu mpya wa chama, nataka kuonekana mkali. Nikamwambia mbele ya mkutano: "Fundi, wewe unajua saa. Sarafu tuachie." Watu wakacheka. Hakuja tena mkutanoni. Tukikutana barabarani tunaamkiana kama watu waliowahi kukaa foleni moja.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Makopo ana habari. Fundi Saa anafunga duka, anahamia kwa mwanawe, mji wa mbali. Jumamosi hii yeye Mama Makopo atakwenda kuchukua sarafu zake zote, kwa kilo.

"Ana za fahali kumi na moja kazifunga kando," akaniambia. "Ati ni za maana. Nikamwambia kitabu kinasema ni takataka. Akasema anajua, na anamjua aliyekiandika."

Kumi na moja. Mimi ninazo tatu na nilidhani ni tajiri. Miaka yote hii alikuwa akiziokota moja moja, kimya, bila kitabu kumuunga mkono.

Niandike wazi, maana hakuna anayesoma hapa. Nikinyamaza mpaka Jumapili, zote kumi na moja zitaingia koponi. Nitazichagua kwa bei ya kopo. Halafu nirekebishe ukurasa wangu, nami nitakuwa nazo kumi na nne. Wakusanyaji tuna kanuni: mwenye jicho ndiye mwenye mali. Nimeifuata maisha yangu yote bila kukosa usingizi. Tatizo ni kwamba safari hii jicho lilikuwa lake.

Nitamwambia. Hilo nimeshaamua. Kwanza nipime tena, niende na jambo lisilo na ubishi.

Jumatano, 12 Machi

Nimepima mara ya nne. Sawasawa.

Nimepita mbele ya duka lake, upande wa pili wa barabara. Alikuwa ameinamia kazi. Nisingependa kumkatiza. Kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Kesho bila shaka.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la wateja, dukani kwa Fundi Saa. Sijaruhusiwa kuondoka.

Niliingia saa tano. Hakuinua kichwa.

"Saa au betri?"

"Ni mimi, ndugu yangu."

"Nimekuona. Saa au betri?"

Nikaweka juu ya kaunta sarafu zangu tatu na karatasi yake ya penseli. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu nyumbani, yenye utangulizi. Ikaniishia mlangoni. Nikasema tu: ni muhuri wa pili. Ulikuwa sahihi. Nilikosea, na nilikosea mbele za watu.

Akabana lenzi jichoni. Akatazama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko sarafu.

"Umepima?"

"Mara nne."

"Umejua tangu lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita."

Akahesabu kwa vidole, bila kuficha. Siku kumi. Kisha akageuka, akatoa rafuni chupa ya dawa anayooshea vyuma vya saa. Chini ya dawa, mafahali.

"Nimezitia jana asubuhi," akasema. "Mama Makopo anapenda zinazong'aa."

Yeye na mimi tunajua jambo hilo kuliko mtu yeyote mjini: sarafu ya zamani haioshwi. Ikioshwa kwa dawa, ngozi yake ya miaka inatoka, na mkusanyaji wa kweli haigusi. Fundi asingeweza kuosha kitu alichoamini kina thamani. Lakini kuamini peke yako miaka thelathini na moja kunachosha. Juzi, nilipokuwa ng'ambo ya barabara nikijifanya mstaarabu, zote kumi na moja zilikuwa kavu. Sasa saba zimo kwenye dawa. Nne tu bado zimefungwa kando, kavu.

Nikamwambia hivyo. Ningekuja Jumatano, zote kumi na moja zingepona.

"Najua kuhesabu," akasema. "Ndio ugomvi wetu wote."

Nikasema nitazinunua zile saba kwa bei ya nzima, bei ile itakayokuwapo baada ya katalogi kurekebishwa.

"Pesa zako kaa nazo. Kalamu unayo?"

Anataka marekebisho yaandikwe hapa, sasa hivi, mbele yake. Anasema mimi ni mtu wa kesho. Sina karatasi nyingine ila daftari hili. Mama mmoja ameingia kuchukua saa yake ya kengele. Fundi kamwambia asubiri, huyu mzee ana kazi ya dharura imechelewa miaka thelathini na moja. Mama kakaa kando yangu na kikapu mapajani.

Nimeandika: "Miale minane: muhuri wa pili, aina halisi na adimu. Zamani ilidhaniwa kuwa ni grisi."

Nikamsomea. Ni sentensi nzuri ya katalogi, fupi, haina joto.

"Ilidhaniwa na nani?" Hakutoa hata lenzi jichoni.

Yule mama naye amenigeukia. Hajui tunazungumza nini, ila hilo na yeye anataka kulijua.

Nimeikata. Nikamuuliza kama kesho bado atampa Mama Makopo mzigo wote. Kasema niandike kwanza.

Anazitoa moja moja kwa kibano, anazipanga kwenye kitambaa. Zimekuwa nyeupe kama vijiko vipya. Sizitazami sana.

"Miale minane: muhuri wa pili, aina halisi na adimu. Iligunduliwa na fundi wa saa wa mji huu, aliyeleta ushahidi akafanyiwa mzaha mkutanoni. Aliyemfanyia mzaha ni mwandishi wa ukurasa huu. Hakuomba kuiona sarafu. Na alipoujua ukweli, alikaa nao siku kumi, kwa sababu"

Nimesimama hapo. Nimemwambia katalogi haihitaji sababu.

"Endelea," anasema, na kibano chake kinaweka ya saba kwenye kitambaa.